Supu ya nyanya na nazi katika baridi ya Endulen

Endulen hakuna mnazi. Hakuna hata bustani ya nyanya, maana kijiji hiki kimo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo kilimo hakiruhusiwi. Pamoja na hayo, supu ya nyanya na nazi iliyoungwa kwa viungo vya Kihindi inaweza kupikwa huko, ikawa futari njema, na isizidiwe na ile ya Mombasa wala ya Unguja. Sharti lake ni moja: mpishi aijue hali ya mahali alipo. Wengi wetu tuliozaliwa pwani na kupelekwa bara na kazi, ndoa au biashara hubeba mapishi ya nyumbani kama yalivyo, na yanapotukataa huko juu tunailaumu nazi. Nazi ni ile ile. Baridi, mwinuko na umbali wa soko ndivyo vilivyobadilika, na mapishi hayana budi kubadilika navyo.

Kwa asiyepafahamu, Endulen ipo upande wa kusini-magharibi wa kreta ya Ngorongoro, katika nyanda za juu za mkoa wa Arusha. Lami itokayo Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu huishia kwenye lango la Loduare. Kutoka hapo gari hupanda msitu hadi ukingo wa kreta, kisha huteremka kuelekea malishoni. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1959 ili wafugaji, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena kwa mashamba madogo mwaka 1992, kisha kikasitishwa mwaka 2009. Matokeo yake kwa mama wa nyumba ni mepesi kuyaeleza: kila kitunguu, kila nyanya na kila punje ya mchele hupandishwa kwa gari. Maziwa, nyama na samli ndivyo vitokavyo jirani.

Mpishi wa Dar es Salaam ambaye tui lake limekatika saa kumi na moja jioni humtuma mtoto gengeni akanunue nazi nyingine. Wa Endulen hana pa kumtuma mtoto. Tui likikatika, adhana ya Magharibi itamkuta na sufuria ya maji mekundu yenye mabonge meupe yanayoelea, na nazi iliyosafiri kutoka Pangani hadi Arusha, kutoka Arusha hadi Karatu, na kutoka Karatu hadi mlangoni kwake, itakuwa imeharibika dakika tano kabla ya kuliwa. Hiyo ni fedha, na kwa nyumba inayoishi kwa mshahara mmoja fedha hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Hali huwa ngumu zaidi Ramadhani inapokutana na mvua. Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, wakati masika yanapokaribia, na kila aliyewahi kungoja gari la mboga kwenye barabara ya udongo anajua maana ya maneno hayo. Kwa sababu hiyo makala haya yatalizungumzia tui kuliko viungo, ingawa viungo ndivyo vinavyosifiwa mezani.

Supu hii ina jina lake kwao. Katika pwani ya Konkan, inayotandaa magharibi mwa India kutoka kandokando ya Mumbai kuelekea Goa, huitwa saar, neno lenye maana ya kiini cha kitu. Kusini zaidi, kwa Watamili, yuko ndugu yake aitwaye rasam, ambaye kwa kawaida ni mwepesi zaidi na hatiwi nazi. Konkan ni nchi ya minazi, mpunga na samaki kama ilivyo pwani yetu, na pepo za kaskazi zilizosukuma majahazi kutoka huko ndizo zilizoyafikisha Zanzibar, Mombasa na Kilwa. Waislamu wa Konkan, yaani Wakokni, ni miongoni mwa jamii za Kihindi ambazo baadhi ya jamaa zao waliweka maskani Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu wa pwani anapoionja saar kwa mara ya kwanza haoni ugeni mkubwa. Ameshakunywa urojo wa Unguja, ameshakula kuku wa paka, na ulimi wake umeshazoea nazi kukutana na bizari.

Nyanya ndiyo mgeni ndani ya chungu hicho. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliofungua njia iliyoifikisha India. Kabla yake uchachu wa saar ulitoka kwenye ukwaju, au kwenye kokam, tunda dogo jekundu la misitu ya huko. Jambo hili lina manufaa kwa mpishi wa Endulen. Nyanya huoza na hupondeka njiani, lakini ukwaju uliokaushwa hukaa kabatini miezi bila kudai chochote. Wiki ambayo gari la mboga halikupanda, ukwaju wenye ukubwa wa yai ulioloweshwa katika maji ya moto na kuchujwa utashika nafasi ya nusu ya nyanya, na hakuna mzee wa Konkan atakayelalamika, kwa kuwa ndivyo walivyopika babu zake.

Mbuzi ya kukunia nazi nayo ina shahada ya zamani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na ambaye kitabu cha safari zake kilikamilika mwaka 1355, aliizungumzia nazi kwa urefu alipokuwa akiisimulia nchi ya Dhofar, ambayo leo imo ndani ya Oman. Alieleza jinsi mtu anavyokaa juu ya kitu mfano wa kiti chenye chuma kilichojitokeza, akakwangua nyama ya ndani ya nazi hadi iishe, kisha kilichokwanguliwa kikalowekwa katika maji yakawa meupe kama maziwa na yenye ladha ya maziwa. Msafiri yule alikuwa ametoka Tanja, mji usio na nazi, na kwa hiyo aliandika kwa makini jambo ambalo sisi hatuoni haja ya kuliandika. Nadhani tuna haja. Watoto wetu wengi wanaokulia bara wanaijua nazi ikiwa ndani ya kopo au pakiti ya unga, na mbuzi huiona siku wakienda kwa bibi.

Tuje sokoni. Kwa watu sita wenye njaa ya futari, nunua nyanya kilo moja zilizoiva hasa, nazi moja kubwa, kitunguu maji kimoja, kitunguu saumu, tangawizi yenye ukubwa wa kidole gumba, na pilipili mbichi mbili. Viungo vikavu ni giligilani kijiko kimoja cha chai, bizari nyembamba kijiko kimoja, pilipili manga punje kumi, manjano robo kijiko na mbegu za haradali nusu kijiko. Tafuta na mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali ambao wazee wetu wameujua zaidi kama dawa kuliko kama kiungo. Wahindi hutia chembe yake tu katika mafuta ya moto, na harufu ile inayokimbiza watu ikageuka kuwa kama ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Ukipata majani ya mchuzi ambayo Wahindi huyaita karipata, yatie kumi au kumi na mawili. Yakikauka hupoteza nguvu nyingi, kwa hiyo usiyahangaikie sana kama hayakupatikana mabichi. Kipande kidogo cha sukari guru, kotmiri, chumvi na vijiko viwili vikubwa vya samli vitakamilisha.

Karibu vyote hivi hupatikana Karatu. Vitunguu vya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, vina sifa nchi nzima na havihitaji maelezo yangu. Nyanya zichaguliwe kwa macho mawili: nusu ziwe zimeiva za kupikwa siku hiyo au kesho yake, nusu ziwe ngumu zenye rangi ya chungwa, zimalizie kuiva ndani ya nyumba. Nyanya zote zikiwa zimeiva ndani ya tenga moja, kwenye barabara ile, zitafika zikiwa zimejipika zenyewe.

Kununua nazi ni elimu, na siyo kila anayetumwa anayo. Akina baba, tusameheane, huchagua kwa ukubwa. Nazi nzuri ni nzito kuliko ukubwa wake na ikitikiswa husikika maji. Isiyo na sauti ya maji huenda imekuwa mbata, yaani nyama imekauka na kuachana na kifuu. Mbata hutoa mafuta, lakini tui lake halina utamu wa nazi nzima. Yatazame macho matatu ya nazi: yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe. Koroma, ambayo haijakomaa, ina nyama laini na tui lake ni maji matupu. Nazi nzima isiyo na ufa hustahimili wiki kadhaa mahali pakavu, na baridi ya Endulen huisaidia. Ikishapasuliwa, itumike siku hiyo hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mapishi ya pwani hayalitaji kwa sababu pwani halitokei. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam ni nadra maji ya mtungi kufikia baridi hiyo, ndiyo maana bibi zetu waliposema mimina maji ukamue, hawakuona haja ya kusema maji gani. Endulen, asubuhi ya mwezi wa Julai, maji ya ndoo huuma vidole. Ukiyamimina juu ya nazi iliyokunwa, mafuta yanaganda ndani ya chembe za nazi na kukataa kutoka. Unakamua, unapata maji meupe mepesi, unadhani umeuziwa nazi mbovu, nawe unayatupa machicha yenye utajiri wote uliokuwa unautafuta.

Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, yenye joto ambalo mkono unalivumilia bila kushtuka. Mimina kikombe kimoja juu ya nazi iliyokunwa, ifinyange kwa mkono kwa dakika kadhaa kama anayekanda unga, kisha iache itulie kabla ya kukamua kwenye kifumbu au kitambaa safi. Hilo ni tui zito, kasimile, nalo liwekwe peke yake karibu na jiko, lisije likaganda juu. Likiganda, usilitupe wala usilipasulie kwenye supu likiwa vile vile. Kikalishe chombo chake ndani ya maji ya moto hadi lirudi kuwa laini. Kisha rudia kukamua mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, upate vikombe vitatu vya tui jepesi. Nazi moja ikikamuliwa hivi hutosha watu sita bila kuongezewa ya pili.

Mwinuko nao una neno lake. Kila tupandapo mita 300 hivi, maji huchemka kwenye joto pungufu kwa karibu nyuzi moja. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye ukingo wa kreta, ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 92 au 93. Endulen ipo chini kidogo ya ukingo, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Sufuria inatokota, mapovu yanaruka, nawe unadhani chakula kimeiva kumbe joto lililomo ni dogo kuliko ulivyozoea. Maharage na dengu ndivyo vinavyowatesa wapishi zaidi, lakini hata nyanya huchukua muda mrefu zaidi kulegea. Upe moto dakika zake, na uijaribu nyanya kwa kijiko kuliko kuitazama saa.

Kazi ianze baada ya swala ya Alasiri. Nyanya zioshwe, zitumbukizwe nzima katika maji vikombe viwili pamoja na tangawizi iliyomenywa, punje nne za kitunguu saumu, kitunguu maji kilichokatwa vipande vinne na pilipili mbichi moja. Zichemke hadi maganda yapasuke na kujikunja. Zikipoa kidogo, menya maganda, saga kila kitu kwa mashine kama umeme upo, au ponda kwenye kinu kisha pitisha kwenye chujio ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Mimi naipenda zaidi ya chujio. Mashine husaga mbegu pamoja na nyanya, na supu hupata ukali ambao sukari guru huhangaika kuuondoa.

Wakati nyanya zinachemka, kaanga bila mafuta giligilani yote, nusu ya bizari nyembamba na zile punje za pilipili manga. Moto uwe wa chini. Harufu ikipanda na rangi ikianza kugeuka, epua mara moja na uzitwange. Wengine hutia bizari ya mchuzi ya pakiti ili kuokoa muda. Sina ugomvi nao, lakini bizari ya pakiti iliyokaa dukani mwaka mzima huipa supu rangi kuliko ladha, na muda uliookolewa hauzidi dakika saba.

Rudisha nyanya jikoni pamoja na tui jepesi, manjano, viungo vilivyotwangwa na chumvi. Tui jepesi hustahimili kuchemka, kwa sababu mafuta yake ni machache. Iache supu ichemke polepole robo saa, kisha onja. Hapa ndipo pa kurekebisha kila kitu. Chachu imezidi, tia sukari guru kidogo kidogo. Nzito mno, ongeza maji ya moto. Chumvi haitoshi, ongeza sasa. Usingoje tui zito liingie ndipo uanze kusahihisha, maana baada ya hapo sufuria hairuhusiwi tena kuchemka, na maji utakayoongeza yataivuruga.

Tui hukatika kwa sababu ya jinsi lilivyo. Ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyazuia yasiungane ni kiasi kidogo cha protini za nazi yenyewe. Joto kali huziharibu protini hizo, na uchachu huzidhoofisha. Supu ya nyanya ina vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana tui ambalo halijawahi kukukatikia kwenye mchuzi wa samaki linaweza kukukatikia hapa. Kwa hiyo punguza moto, ondoa kuni au toa makaa, usogeze sufuria pembeni. Chota upawa mmoja wa supu ya moto, uimimine polepole ndani ya bakuli la tui zito huku ukikoroga. Fanya hivyo mara tatu au nne, tui lizoee joto na uchachu kidogo kidogo. Kisha limimine lote ndani ya sufuria kwa mkondo mwembamba, ukikoroga bila kukatisha. Supu ikianza kutoa mvuke na kingo zake kutetemeka, iepue. Isichemke.

Anayehofia bado anaweza kuvuruga kijiko kimoja cha unga wa mchele au wa dengu katika maji baridi na kuutia kwenye supu dakika kumi kabla ya tui zito. Unga huizuia mafuta yasikimbiane na maji, ingawa supu huwa nzito kidogo. Na likikatika pamoja na tahadhari zote, jueni kuwa supu hiyo si mbaya kiafya. Ipoeze kidogo, ipigepige kwa nguvu kwa mchapo au mashine, na itarudi kiasi cha kustahili kuwekwa mbele ya wageni.

Kinachobaki ni kuunga, na hapa desturi ya Kihindi hutofautiana na yetu. Sisi huunga mwanzo: kitunguu na mafuta kwanza, vingine juu yake. Wao, katika supu za namna hii, huunga mwisho, na huita tadka. Pasha samli kwenye kikaango kidogo. Tia haradali, ufunike kidogo kwa sababu huruka. Ikimaliza kupasuka, tia bizari nyembamba iliyobaki, kitunguu saumu kilichokatwa nyembamba, pilipili ya pili na majani ya karipata, na mwisho kabisa chembe ya mvuje. Ndani ya nusu dakika vyote vitakuwa tayari. Mimina juu ya supu, funika, usiifunue hadi muda wa kupakua.

Samli ndiyo zawadi ya Endulen kwa supu hii. Konkan wengi hutumia mafuta ya nazi au ya mimea, nasi pwani ndivyo tungefanya. Lakini kati ya wafugaji, samli ya kienyeji ina harufu ambayo kopo la dukani halijapata kuwa nayo. Na wenyeji wa huko si wageni wa supu yenye viungo. Wamaasai wana supu ya nyama inayochemshwa na magamba ya olkiloriti, chungu na yenye kuchangamsha mwili, na anayeizoea hiyo hatishiki na pilipili manga. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye kitongoji kizima kilimwamkia koko, yaani bibi, alipewa bakuli la saar kwa mara ya kwanza akalinusa kwa muda mrefu.

"Haya ni maziwa ya ng'ombe gani?" akauliza.

"Si ya ng'ombe, koko. Ni ya mti."

Alikunywa hadi mwisho, akarudisha bakuli, akasema mti huo una mafuta mazuri lakini nyanya zimeuonea. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu nyanya zilipungua kutoka kumi na mbili hadi tisa, na hakuna aliyetaka zirudi.

Kuhusu nazi ya kopo na ya unga, siwezi kuwakataza wanaoishi mbali na mnazi wasizitumie. Ila someni maandishi ya pakiti. Unga wa nazi mara nyingi hutengenezwa kwa kuchanganywa na protini ya maziwa ya ng'ombe, na mwenye mtoto anayedhurika na maziwa anahitaji kulijua hilo. Mvuje wa dukani nao aghalabu huchanganywa na unga wa ngano. Vidonge vya supu vinavyowekwa karibu kila sufuria siku hizi vina chumvi nyingi, na baadhi vina mafuta au dondoo za nyama na kuku. Palipoandikwa E471, fahamuni kuwa kitu hicho chaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya wanyama. Alama ya halali ya chombo kinachoaminika ndiyo inayoondoa shaka, na pakiti isiyokuwa nayo haina haja ya kujadiliwa wakati supu hii haiihitaji kabisa. Giligilani, bizari na samli zimeshafanya kazi hiyo.

Mgonjwa wa vidonda vya tumbo asiifungulie supu hii tumbo likiwa tupu, kwa sababu ya uchachu na pilipili. Ale kwanza tende na uji, kisha apewe bakuli dogo lisilo na pilipili. Mwenye shinikizo la damu apikiwe chumvi ndogo, naye hatahisi upungufu mkubwa, kwa kuwa uchachu wa nyanya huufanya ulimi usiitafute sana chumvi. Kwa watoto wadogo, chotea sehemu yao kabla ya kuunga.

Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kuongeza maji apikapo mchuzi na kuwakumbuka jirani zake. Supu hii inalikubali jambo hilo vizuri sana, mradi maji yaongezwe mahali pake. Mgeni akibisha hodi wakati nyanya ziko jikoni, ongeza vikombe viwili vya maji ya moto na kipande cha ukwaju, uzidishe giligilani kidogo, na kasimile ile ile itawatosha watu wanane. Akibisha hodi baada ya tui kuingia, mpunguzie kila mtu kijiko kimoja katika bakuli lake na uongeze mikate.

Inywewe ikiwa moto. Katika baridi ya huko supu ikikaa bakulini, mafuta ya nazi na samli huganda juu kama utando mweupe na kunata midomoni. Mabakuli yapashwe kwa maji ya moto kabla ya kupakua. Ndani yake waweza kuchovya chapati, mkate wa kumimina au mkate wa kawaida, na wali mweupe uliobaki daku ukitiwa humo huwa chakula kamili cha watoto. Kotmiri inyunyizwe mezani.

Ikibaki, ihifadhiwe bila kufunikwa hadi ipoe, kisha ifunikwe na kuwekwa mahali penye baridi zaidi nyumbani. Wakati wa daku ipashwe ndani ya sufuria nyingine ya maji ya moto, ikikorogwa, isikutane na moto moja kwa moja. Machicha nayo yasitupwe. Yakaange bila mafuta hadi yawe ya rangi ya dhahabu, uyatwange na pilipili, kitunguu saumu, chumvi na ukwaju kidogo. Hiyo ni chatne, hukaa siku mbili au tatu katika baridi ya huko, na huenda vizuri na viazi vya kuchemsha.